Baba wa Kuchorwa katika Kijiji cha Tegesha

Baba yangu hakuwahi kuzaliwa. Sisemi kwamba alitukimbia, wala sisemi kwamba simjui. Nasema hakuzaliwa, na pamoja na hayo alikuwa baba mkali. Tukimwaga uji, bibi alitukazia macho akasema, "Tata yenu hapendi hivyo," tata kwetu ni baba, nasi tukashika adabu. Watu wa mbali wakisikia habari hii hucheka. Wacheke tu, lakini wakimaliza wanyamaze nieleze.

Bibi yangu alizaa mabinti watupu. Kwetu Ukuryani mwanamke wa namna hiyo hakai akisubiri mji wake ufe. Alichukua ng'ombe walioingia kwa mahari ya mabinti zake, akaoa. Ndiyo, bibi alioa. Alimwoa mama yangu, msichana kutoka upande wa Kenyamonta, kwa ajili ya mtoto wa kiume ambaye Mungu hakumpa. Ndoa hiyo inaitwa nyumba ntobhu, na ipo mpaka leo. Mama alikuja kama mkamwana, mke wa yule mtoto asiyekuwepo, na sisi tuliozaliwa tukawa watoto wa huyo. Mwanaume aliyetupa damu tulimfahamu vizuri. Tulikutana naye mnadani, tukamwamkia shikamoo kama mzee mwingine yeyote, akaitikia marahaba, kila mtu akaenda zake. Huyo hakuwa baba. Baba alikuwa wa nyumbani, mwenye sheria zake, vyakula anavyovipenda na maneno asiyotaka kuyasikia, na yote hayo bibi aliyajua.

Kaka yangu ndiye aliyempa sura.

Shangazi yetu mmoja aliuza mitumba Sirari, na kila alipokuja kutusalimu Genkuru alileta vitabu vya katuni vilivyovuka mpaka kutoka Isebania. Vilikuwa vimechakaa, vingine havina jalada, vingine vimekatika mwisho. Kaka alivisoma mpaka karatasi zikawa laini kama kitambaa. Sisi wengine tulikimbilia kujua nani kampiga nani. Yeye aliukodolea macho ule uwazi mweupe kati ya kisanduku na kisanduku. "Angalia hapa," aliniambia. "Hapa mtu ananyanyua mguu. Hapa ameshafika. Katikati nani alimwona akitembea?" Nikamwambia hakuna. "Wewe ndiye uliyemwona," akasema. "Hajachorwa, na umemwona." Wakati huo nilidhani anajifanya mjanja. Leo nikifungua kitabu chochote cha hadithi za picha, nakumbuka kidole chake juu ya ule weupe, na bado sijapata mwalimu aliyenifundisha kusoma vizuri kuliko yeye.

Alichora kwa peni nyeusi, nyuma ya makaratasi yoyote tuliyoyapata. Mwandiko wake ulikuwa wa kuku, kwa hiyo maneno ya kwenye vipovu vya mazungumzo niliyaandika mimi. Tukawa kampuni ya watu wawili, yeye mkono, mimi mdomo.

Siku aliyomchora baba mara ya kwanza, bibi alikuwa anapepeta ulezi uani. Akaona tunanong'onezana, akanyoosha mkono apewe karatasi.

"Huyu nani?"

"Baba," kaka akasema.

Bibi akaiangalia kwa mbali, kisha kwa karibu. Mimi niliogopa. Nilidhani tutachapwa kwa kufanya mchezo na jambo la wakubwa.

"Pua siyo hiyo," bibi akasema. "Hiyo ni pua ya kwa mama yako. Pua ya mji huu ni pana. Na hapa kwenye nyusi weka kovu. Alipigwa pembe na ndama akiwa mdogo."

"Lini, bibi?"

"Wee! Wewe ulikuwepo?"

Kaka akaweka kovu. Mama alikuwa ameinama anakoka moto, akasogea naye akachungulia juu ya bega la bibi. Akasema bila kutabasamu, "Mume wangu si mfupi hivyo." Ikabidi kaka arudie kuchora miguu. Nilicheka siku ile mpaka nikashika tumbo, lakini wao hawakucheka, na nilipoona hawacheki nilinyamaza. Basi hivyo ndivyo baba alivyotengenezwa, bibi akitoa pua, mama akitoa urefu, kaka akitoa wino, na mimi nikimtia maneno mdomoni. Bibi alitaka baba azungumze Kikurya. Kiswahili, alisema, ni cha kuzungumza na karani.

Halafu ikaja ile miaka ya dhahabu. Mgodi ulianza kupanuka na maneno yakasambaa kwamba eneo letu litachukuliwa, na kila mwenye nyumba ndani ya eneo atalipwa fidia na kupewa mahali pengine. Hapo ndipo tegesha ilipoanza. Kama hujafika kwetu, nikueleze. Tegesha ni nyumba iliyojengwa ili ihesabiwe, siyo ili ilalwe. Inasimama kwa haraka, haina msingi, kuta zake nyembamba, bati zimeshikwa kwa misumari michache. Ina mlango, lakini fungua mlango huo ukutane na magugu. Mashamba ya mahindi tuliyoyajua tangu utotoni yaliota nyumba. Mahali tulipokuwa tukichunga mbuzi palikuwa na mtaa mzima, na katika mtaa huo hakuna moshi, hakuna mbwa, hakuna mtoto anayelia. Upepo ulipovuma, bati zote zilipiga kelele pamoja.

Usiwatukane watu wetu mbele yangu. Walikuwa wameona ardhi ya wenzao inakwenda, wakajifunza kwamba anayekuja kupima huona kilichosimama, haoni kilichoishi. Wakasimamisha. Na nakuambia ukweli, mimi nilivutiwa. Jirani yetu mmoja alijenga nyumba kadhaa kwa mpigo, akazifagilia uwanja kila asubuhi, akaweka na kamba ya nguo yenye nguo juu yake. Nguo hizo alizianua mvua ikija! Mtu huyo angezaliwa penye ukumbi wa maigizo angekuwa maarufu.

Kwa kuwa kaka alikuwa fundi wa kuchora, walimfuata. Dirisha halisi ni kazi, mbao na bawaba, lakini dirisha la rangi ni asubuhi moja tu. Akawachorea madirisha kutani. Siyo madirisha ya hovyo. Yalikuwa na pazia la maua lililovutwa nusu, na kivuli chake upande ambao jua lilikuwa haliko. Ukisimama barabarani ungeapa kuna mtu ndani anakaribia kuchungulia. Bibi alipita hapo akitoka kanisani, akasema, "Hodi," kisha akasonya, akaondoka kwa hasira. Nyumbani alimwambia kaka, "Mkono wako una dhambi na una baraka, na mimi sijui nianze na lipi."

Katika siku hizo hizo ndipo kaka alipoanza ile kazi kubwa. Ilikuwa hadithi ndefu ya picha, kurasa juu ya kurasa, na mhusika wake alikuwa baba. Katika hadithi hiyo baba anarudi nyumbani kutoka safari ya mbali na kukuta kijiji kimejaa nyumba. Anafurahi. Anapiga hodi nyumba ya kwanza, anafungua mlango, na nyuma ya mlango hakuna kitu, hakuna hata magugu. Ni karatasi tupu. Kaka aliuacha ukurasa mzima mweupe, baba amesimama pembeni kabisa, mguu mmoja umenyanyuliwa, hathubutu kukanyaga. Mimi niliuliza niandike nini kwenye kipovu. Kaka akasema, "Mwache. Hapo hana la kusema."

Kulikuwa na mahali baba anagonga ule mstari wa kisanduku kwa kifundo cha kidole, kama mtu anayejaribu ukuta asikie una nini ndani. Kulikuwa na mthamini mwenye miwani ambaye badala ya kuhesabu vyumba vya nyumba anahesabu visanduku vya ukurasa, "Hapa vyumba sita, andika." Na kulikuwa na watu wa kijiji wamekaa kwenye mashine ya kusaga wakisoma kitabu cha picha, na ukikaza macho unaona kitabu wanachosoma ni hicho hicho, na ndani yake wapo wao wadogo, wanasoma.

Kitabu kilitembea. Kilisomwa mashineni kwelikweli, kikasomwa nje ya kanisa, kikarudi na alama za unga na mafuta. Yule jirani wa kamba ya nguo alikuja kwetu amekunja uso.

"Kijana, umenidhulumu. Nyumba yangu ya kule mwisho ina madirisha manne. Umechora mawili."

"Mzee, si mimi niliyeyachora hayo madirisha ukutani?"

"Ndiyo! Kwa hiyo unajua ni manne!"

Kaka akaomba radhi, akaongeza mawili. Nilikaa nikatafakari. Hii ni picha ya madirisha ambayo ni picha, katika nyumba ambayo si nyumba, na mwenye nayo amekasirika kwelikweli. Hasira yake ndiyo pekee iliyokuwa na msingi.

Miaka mingi baadaye, nikiwa tayari nafanya kazi kwa wakala wa forodha Sirari, kaka alinipeleka kwenye kikao cha wachoraji Mwanza. Kijana mmoja msomi alisimama akaeleza kwamba zamani picha ilifuata kitu, na siku hizi picha inatangulia, kitu kinakuja nyuma kikihema, na mara nyingine hakiji kabisa, inabaki nakala isiyo na asili. Alisema hadithi za picha zinalijua jambo hili kuliko maandishi matupu. Nilimpenda kijana yule, alisema vizuri. Nilimgonga kaka kwa kiwiko nikamwambia, huyu kama vile amekulia Genkuru. Tatizo langu moja tu, ambalo sikulisema kwa sababu ya aibu ya kusimama mbele za watu, ni kwamba alizungumza kana kwamba nakala isiyo na asili lazima iwe uongo. Kaka alinifundisha vingine. Kwenye karatasi, nyumba ya kweli na nyumba ya tegesha zinachorwa kwa peni ile ile na mistari ile ile. Wino hausemi. Inabidi utafute kwingine ujue ipi imelaliwa na watu. Na baba yetu hakuwa na asili yoyote, lakini alikuwa ametulea.

Nirudi kwenye siku zenyewe. Wathamini walitangazwa. Nyumba ya bibi ilikuwa ndani ya eneo. Waliokubaliwa wangepewa mahali pengine pa kujenga mji. Nyumba itakayoonekana ni tegesha ingefutwa, na mwenyewe aondoke aende atakakojua. Kwa wengi hiyo ilikuwa bahati nasibu, ukikosa hapa unapata pale. Kwetu ilikuwa nyumba moja, nayo ndiyo ndoa ya mama. Mwanamke wa nyumba ntobhu ameolewa na nyumba. Nyumba ikiandikwa kuwa ya uongo, mama ameolewa na nini? Na sisi ni watoto wa nani? Bibi hakutuambia hofu hiyo, lakini nilimwona akizunguka nyumba, akiigusa hapa na pale.

Ndipo tukafanya kosa ambalo ni watu wa kwetu tu wangeweza kulifanya. Bibi alisema wageni wanakuja, na mgeni hapokelewi kwenye nyumba yenye nyufa. Tukakanda udongo na samadi, tukaikandika nyumba nzima upya, ndani na nje. Mama alipitisha majivu chini kwenye ukingo. Masizi ya miaka na miaka tuliyasugua. Mwimo wa mlango uliokuwa umelika kwa migongo ya mbuzi tuliufunika ukawa laini. Nyumba iling'aa. Nilijivuna nayo. Ilikuwa imesimama pale mpya, bila historia, inafanana kabisa na zile za jirani.

Na kosa la pili lilikuwa kubwa zaidi. Tulikuwa tumesikia kwamba mwenye mji hupigwa picha mbele ya nyumba yake, ameshika kibao cha namba. Bibi akamwita kaka. "Mchore baba yako. Mkubwa. Hawezi kukosa kwenye picha ya mji wake." Kaka akanunua karatasi ya manila, akamchora baba mpaka kifuani, pua pana, kovu kwenye nyusi. Sijawahi kuona kazi yake nzuri kuliko ile. Macho yalikuwa ya mtu aliyeitwa akageuka.

Walipofika walikuwa vijana wawili, mmoja na kamera, mwingine na kopo la rangi nyekundu. Walikuwa wamechoka, vumbi mpaka kwenye kope. Siku nyingi walikuwa wanadanganywa kutoka asubuhi hadi jioni, na mimi nikiwakumbuka sasa siwachukii sana. Mmoja akakwaruza ukuta kwa ukucha. Udongo mbichi ukadondoka. Akamwangalia mwenzake.

"Shikamoo, bibi. Mwenye nyumba nani?"

"Mwanangu."

"Yuko wapi asimame hapa?"

Bibi akaingia ndani, akatoka na karatasi ya manila, akasimama mbele ya mlango ameinyoosha kifuani kwake. Kidevu juu. Alikuwa amevaa nguo yake ya kanisani.

Yule wa kamera akashusha kamera. "Bibi, huyu ni katuni."

"Ni mwanangu."

"Wa kweli yuko wapi?"

"Ndiye huyu."

"Alizaliwa lini?"

Bibi hakuwa na tabia ya kusema uongo. "Hakuzaliwa," akasema.

Wakaangua kicheko. Jamani, kile kicheko! Wa rangi akasema, "Bibi, asiyekuwepo na lake halipo," akatikisa kopo, akaandika kwenye ukuta tulioukandika kwa mikono yetu neno moja la herufi kubwa, TEGESHA. Wakaondoka wakiendelea kucheka, na kwa mbali tuliwasikia wakisema madirisha ya kuchora wameyaona, sasa wameona na mume wa kuchora.

Bibi hakujua kusoma. Akaniuliza limeandikwa nini. Nikamsomea. Akasema, "Soma tena." Nikasoma tena. Akaikunja ile manila polepole, akaingia nayo ndani, akakataa chakula. Mama alipeleka ugali na maziwa, akavirudisha kama vilivyo. Mimi nilitamani kuwafuata wale vijana na mchi. Kaka alikaa chini ya lile neno jekundu, akasema, "Ni mimi. Nimewafundisha watu hawa kutoamini kuta." Nikamwambia anyamaze, asijipe ukubwa. Lakini nilijua kinachomuuma.

Kulikuwa na siku ya malalamiko. Watu walikusanyika mbele ya ofisi ya kijiji, na pale mezani aliketi kiongozi wa wathamini, mama mmoja wa makamo, sauti yake ya upole, ametoka mkoa mwingine. Zamu yetu ilipofika, bibi alitembea mpaka mezani kwa mkongojo, mama nyuma yake, sisi nyuma ya mama. Tukaeleza mambo yote. Yule mama alisikiliza. Hakucheka. Akawauliza wazee waliokuwa pale kama ni kweli ndoa ya namna hiyo ipo, wakasema ipo. Akatafuta njia ya kutusaidia, na hilo ndilo lililokuwa gumu, kwa sababu lilitoka kwenye moyo mwema.

"Bibi," akasema, "jambo ni rahisi. Sema tu kwamba hukupata mtoto wa kiume. Wewe ni mjane, nyumba ni yako. Nakuandika wewe, tunafuta lile neno, tumemaliza."

Watu wakageuka kumwangalia bibi. Kila mtu pale alijua kwamba ni kweli, hakupata mtoto wa kiume. Ilikuwa sentensi fupi tu.

"Nikisema hivyo," bibi akauliza, "huyu mkamwana wangu ni mke wa nani? Na hawa ni wa nani?"

Yule mama akaweka kalamu chini. Nyuma yetu watu wengi walikuwa kwenye foleni, wenye tegesha tele, na hakuna aliyelalamika kwamba tunachelewesha. Mama yangu alikuwa ameinamisha kichwa. Nikaona kidole chake kimeshika ncha ya kitenge cha bibi kama mtoto.

Hapo kaka akatoa kitabu chake mfukoni mwa koti, akakiweka mezani. "Mama," akasema, "kama unamtafuta, yumo humu. Mahali pengine hayupo."

Nilitaka ardhi inimeze. Nikajiwazia, tumekwisha, tumechekwa kwa katuni moja, sasa anampa kitabu kizima. Lakini yule mama akavaa miwani, akafungua. Alisoma pale pale, amekaa, jua linamchoma. Alipofika kwa yule mthamini anayehesabu visanduku, akacheka kwa nguvu mpaka miwani ikateleza. Alipofika kwenye ule ukurasa mweupe, baba amenyanyua mguu, alikaa hapo. Halafu akaanza kurudi nyuma, akitazama vitu vilivyochorwa pembeni ambavyo sisi hatukuviona tena kwa mazoea, mwimo wa mlango ulivyolika kwa mbuzi, masizi juu ya jiko, kigoda cha mama chenye mguu mfupi. Nyumba yetu kabla hatujaisugua ilikuwa imo humo yote. Kaka aliichora kila siku bila kukusudia chochote, kwa kuwa baba alipaswa kuwa na mahali pa kukaa.

Akafika mwisho. Ukurasa wa mwisho ulikuwa na visanduku vilivyopigwa mstari tu, ndani hamna kitu.

"Hapa amekwenda wapi?" akauliza.

"Sijamaliza," kaka akasema.

"Bibi," yule mama akasema, na sasa alimwuliza kama mtu anavyouliza habari za mtu, "huyu mwanao amekwenda wapi?"

Bibi alimtazama kaka. Akamtazama mama yangu. Akakaza mkono kwenye mkongojo.

"Amekufa," akasema.

Yule mama akainua uso kutoka kwenye kitabu.

"Amekufa. Alikwenda Kenyamonta kwa wakwe zake kutafuta malisho, akaugua huko, akazikwa huko. Andika hivyo. Ameacha mke na watoto, nami nabaki na mji wao."

Nilisikia mtu nyuma yangu akivuta kamasi. Kisha yule jirani wa kamba ya nguo, mwenye madirisha manne, akavua kofia yake. "Pole sana, mama," akasema. "Alikuwa mtu mwema." Na mzee mwingine akasema, "Pole na msiba." Na mwingine, na mwingine, foleni nzima, watu wote ambao walijua, watu waliokuwa wamesimamisha nyumba ambazo si nyumba na walikuja pale kuziapia, wakavua kofia mmoja mmoja wakatoa pole kwa bibi na mama yangu, na hakuna hata mmoja aliyetabasamu. Sijawahi kuwapenda watu wa kijiji changu kama nilivyowapenda saa ile.

Yule mama wa mezani aliwaangalia wote. Alikuwa mtu mwenye akili, alijua anachokiona. Akashika kalamu. "Pole sana, bibi," akasema, akaandika.

Wale vijana walirudi wenyewe kulifuta lile neno. Mmoja aliomba radhi. Bibi hakumjibu, hata hakumwona nadhani. Alikuwa ameshakaa sakafuni, miguu ameinyoosha mbele, kitambaa amekifungua kichwani. Mama alitoka kwenye chumba cha ndani amenyoa nywele zake zote kama mjane. Hatukumwambia mtu afanye chochote. Wanawake wakaanza kufika na unga, na kuni, na maziwa, wakaketi chini kando yao, na watu wa kwaya wakaanza wimbo wa msiba kwa sauti ya chini.

"Pole, mkamwana wangu," bibi akasema. "Umefiwa na mume."

"Pole na wewe, mama," mama akasema. "Ndiye wa kiume uliyekuwa naye peke yake."

Bibi alitikisa kichwa mara ya kwanza kama anayekubali, mara ya pili kama anayekataa. Kisha akamlilia mwanawe. Mimi nilikuwa sijawahi kumsikia bibi akilia, hata siku alipomzika babu. Alilia mpaka sauti ikamkauka, mama amemshika mabega, na wanawake wote waliokuwa mle ndani wakalia pamoja naye, hata wale waliokuja kutazama tu.